Mgeni haogopi gharama, anaogopa bei asiyoijua

Nimezaliwa Likoni na kukulia Likoni. Diani nimekwenda mara zisizohesabika, kwa arusi, kwa matanga na kwa mechi za mpira, lakini hoteli za ufuoni nilizijua kwa malango yake tu. Desemba iliyopita ndiyo mara yangu ya kwanza kulala ndani ya mojawapo kama mgeni. Dadangu na mumewe wanaishi Nairobi. Walikuja na watoto wao wawili kwa mapumziko ya siku nne, wakaniambia, "Nawe njoo, usituache tukaibiwa kwenu." Walisema kwa mzaha, nami nikacheka. Kufikia siku ya pili sikuwa nikicheka tena.

Kazi yangu ni ukarani, na karani hatembei bila daftari. Kila shilingi iliyotoka siku zile niliiandika, nikizingatia waliyosema wahenga kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeliangalia tena daftari hilo wiki hii, wakati huu wa kusi ambapo ufuo umejaa mwani, hoteli nyingine zimefunga milango na wafanyakazi wa kibarua wamerudishwa makwao. Nimeona lina jambo la kutuambia sisi Wapwani kabla kaskazi haijarudi na wageni wake.

Tuanze na safari yenyewe. Treni ya kutoka Nairobi haikuwapa taabu yoyote ya moyo. Nauli ya daraja la kawaida kwa mtu mzima ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Unaweza kulalamika kwamba imepanda, lakini unaijua kabla hujafunga begi, na aliye kiti cha mbele amelipa sawa na aliye kiti cha nyuma. Bei inayojulikana iliishia pale Miritini, kwenye mlango wa stesheni.

Nje ya stesheni tuliuliza madereva watatu bei ya kutupeleka Diani kwa barabara ya Dongo Kundu, ambayo siku hizi inamwezesha mtu kufika Kwale bila kuingia kwenye feri. Wa kwanza alisema 6,000. Wa pili 4,500. Wa tatu, baada ya kunisikia nikizungumza na kujua mimi ni wa hapa hapa, akasema, "Ami, wewe lete 3,500 twende." Gari ni za aina moja, barabara ni ile ile, abiria ni wale wale. Shemeji yangu alikaa kimya mpaka tulipopita daraja, kisha akauliza, "Kwani ungekuwa hupo, mimi ningelipa ngapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Hotelini nako kuna mambo yake, na ni vyema niyaseme ili nisionekane ninawalaumu wanyonge peke yao. Chumba kilikuwa kimetangazwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa imepita shilingi 160. Baadaye mwaka huo huo ilishuka hadi karibu 130. Kwa hiyo anayepangiwa bei kwa dola hajui atalipa nini mpaka aulize hoteli inatumia kiwango gani, na kiwango cha mapokezi si lazima kiwe kile cha benki. Kuna bei ya wakazi wa Kenya na bei ya wageni wa nje, na ukisahau kitambulisho nyumbani unaweza kutozwa ya pili ingawa umezaliwa Makadara. Kuna kodi ya VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Hoteli nyingine hukutajia bei pamoja na kodi hizo, nyingine huziongeza mwishoni, na yote mawili utayaona kwenye ankara siku ya kuondoka, wakati huwezi tena kubadili nia.

Sisi tulikuwa tumelipia kulala, kifungua kinywa na chakula cha jioni. Walituvisha bangili za kijani mkononi. Waliolipia kila kitu walivaa za buluu, nao waliagiza soda na maji bila kuuliza. Mtoto wa dadangu aliomba maji kando ya bwawa la kuogelea, akaletewa chupa ya lita moja. Shilingi 250. Chupa ile ile dukani, hatua chache nje ya lango, ni 70. Kufua shati moja, 200. Kuanzia hapo shemeji akatoa amri kwamba hakuna kuagiza kitu chochote ambacho bei yake haijaandikwa. Watoto walinijia wakilalamika, "Mjomba, hata juisi baba amekataa." Nikajua tayari likizo imeanza kuwa hesabu.

Hata hivyo, hoteli ina jambo moja ambalo sisi wa nje hatuna. Juu ya ile meza ya kando ya bwawa palikuwa na karatasi ya bei. Ilikuwa bei ghali, ndiyo, lakini ilikuwa imeandikwa. Mtu angeweza kuisoma, akakunja uso, akaamua.

Siku ya pili tulishuka ufuoni. Hapa ndipo nilipotaraji kujivunia kwetu. Niliwaeleza watoto habari za maji kupwa na kujaa, nikawaonyesha ule mstari mweupe wa mawimbi kwenye mwamba, nikawaambia wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, hivi kwamba asubuhi unatembea kwa miguu mahali ambapo alasiri mtu mzima hagusi chini. Hili peke yake ni la kumfaa mgeni kuliko kitabu cha mwongozo. Anayekodi mashua bila kuuliza saa ya maji hujikuta anasukumwa juu ya mchanga, au anafika kwenye mwamba wakati maji yamechafuka na samaki haonekani, naye amekwisha kulipa.

Kabla hatujamaliza hatua ishirini walitufikia vijana wa ufuoni, wale tunaowaita mabichi boi. Mmoja na vikoi, mmoja na vinyago, mmoja na habari za mashua yenye kioo chini. Mashua ilianzia shilingi 9,000 kwa sisi sote watano. Ikashuka 7,000. Tulipogeuka kuondoka ikawa 5,000. Tukaelewana 4,000. Mnazi ni mmoja, lakini dafu lilitajwa 250, tukalipa 100. Tuktuk ya kwenda Ukunda iliitwa 500, ikatufikisha kwa 250. Mama mmoja aliyekuwa akipaka hina na piko alimwambia dadangu 3,000 kwa mikono miwili. Dadangu alirudisha mikono yake mfukoni. Hakujadiliana hata kidogo. Alitabasamu, akashukuru, akaenda zake. Siku tuliyorudi Likoni jirani yetu alimpaka kwa 500, akapendeza.

Ndugu msomaji, lile tabasamu la dadangu ndilo lililonifanya niandike makala haya. Yule mama wa hina anaamini alipoteza mteja bahili. Mimi niliyekuwa pale najua alipoteza mteja aliyekuwa na pesa mkononi na hamu moyoni. Angeambiwa 800 angelipa. Kwa kutajiwa 3,000 aliona aibu kusema 800, akahofia kumtukana mama wa watu, akaondoka. Bei iliyopandishwa ili ishushwe humfaa tu mteja anayejua kuishusha. Mgeni wa Nairobi, wa Kisumu, au wa Ulaya, hajui ashushe mpaka wapi. Basi anachagua lililo rahisi kwake, yaani kukaa ndani.

Sasa tazama hesabu ya daftari. Shemeji yangu alikuwa ametenga shilingi 20,000 za matumizi ya nje ya hoteli peke yake. Hizi ni pesa alizokwisha kuzikatia tamaa, alikuja kuzitumia. Mashua ilichukua 4,000. Tuktuk safari nne, jumla 1,000. Madafu matano, 500. Usiku mmoja tulikula Ukunda mishkaki, viazi karai na juisi ya ukwaju, 1,900 kwa watu watano, na watoto bado wanausimulia usiku ule. Vikoi viwili, 1,200. Jumla ni 8,600. Siku ya kuondoka, pale Miritini, shemeji alinihesabia mbele ya macho yangu zile 11,400 zilizobaki, akaniambia, "Hizi zilikuwa zenu." Akazirudisha mfukoni, akapanda treni.

Usiku wa pili wa kula Ukunda ulifutwa kwa sababu hatukutaka kujadiliana tena na tuktuk. Safari ya Shimoni na kisiwa cha Wasini, ambayo ndiyo dadangu alikuwa akiiota, ilifutwa kwa sababu watu wawili walitutajia bei mbili zilizopishana karibu maradufu, na hakuna aliyeweza kutueleza ni kiasi gani kati ya hizo ni ada ya kuingia hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, ni kiasi gani cha mashua, na ni kiasi gani cha chakula. Ada ya hifadhi si siri. Hutolewa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hulipwa kwa mtandao wa eCitizen wala si kwa pesa taslimu mkononi mwa mtu. Lakini anayeuza safari kwa bei moja nzima hana haja ya kuitenganisha, na mgeni hubaki na shaka kwamba anaibiwa hata pale asipoibiwa.

Ni rahisi kumaliza hapa kwa kusema vijana wa ufuoni ni walafi. Nimesikia hivyo tangu utotoni, mara nyingi kutoka kwa watu ambao hawajawahi kukaa juani siku nzima kungoja mteja mmoja. Tulipokuwa kwenye mashua nilimuuliza nahodha, kijana wa makamo ya mdogo wangu, ile 4,000 inakwenda wapi. Alinieleza bila kificho. Mwenye mashua huchukua nusu, 2,000. Mafuta 800. Aliyetuleta kutoka ufuoni, 500. Zinabaki 700, agawane na msaidizi wake. Kila mmoja 350. "Na leo ni siku ya nne sijapata safari, ami," akaniambia. Gawanya 350 kwa siku nne uone kama huo ni ulafi.

Hapo ndipo nilipoielewa ile 9,000. Bei ya kwanza hubeba ndani yake siku alizokosa, miezi ya kusi isiyo na mgeni, na kamisheni za wasioonekana. Mara nyingi dereva anayempeleka mgeni dukani hutarajia chake, askari wa langoni anayemwita mwenye tuktuk hutarajia chake, na anayekaa mapokezi akipanga safari hutarajia chake kikubwa zaidi. Kila mkono unaogusa mgeni hupandisha bei kidogo, na wa mwisho anayefanya kazi yenyewe, anayeshika usukani au anayekwea mnazi, ndiye anayeonekana mwizi.

Halafu kuna wageni ambao hata hawafiki kwenye majadiliano hayo. Aliyevaa bangili ya buluu, hasa aliyetoka mbali, amelipia kila kitu kwao kabla hajapanda ndege. Sehemu ya pesa ile haivuki bahari kabisa. Hubaki kwa kampuni iliyomuuzia safari. Inayofika hapa hulipa mshahara, umeme, maji na mboga, na hilo si dogo. Lakini Pwani imekwisha kuona hatari ya kumtegemea huyo peke yake. Mei 2014 Uingereza ilipotoa tahadhari ya usalama, watalii waliondolewa kwa mamia na ndege zao zikasita. Machi 2020 anga ilifungwa kwa sababu ya korona. Mara zote mbili aliyerudi kwanza ni Mkenya mwenzetu, kwa basi, kwa treni, kwa gari lake. Huyu ndiye anayelipa kwa shilingi, anayekula mahamri na mbaazi bila kuuliza ni nini, anayeweza kuja mara tatu kwa mwaka. Na huyu ndiye anayeumizwa zaidi na bei ya kubahatisha, kwa sababu kila 500 kwake ina kazi nyingine nyumbani.

Najua watakaonijibu. Watasema kupatana bei ni mila yetu, na soko lisilo na majadiliano ni soko lililokufa. Nakubali kupatana ni mila. Lakini mila ile ilikuwa baina ya watu wanaojuana bei. Mamangu akienda Kongowea kununua nyanya anajua jana ziliuzwaje. Anapokata bei anacheza mchezo ambao wote wawili wanajua kanuni zake. Mgeni hazijui. Kwake huo si mchezo, ni mtego. Shemeji alilitamka vizuri tukiwa Ukunda: "Hii si bei, hii ni bahati nasibu."

Wengine watasema ukiandika bei, mwenzako atakuja na ya chini akuharibie. Inawezekana. Lakini tuna mifano ya kututuliza. Akina mama wa Wasini wana ule ujia wao wa mbao juu ya matumbawe makongwe na katikati ya mikoko. Mgeni hulipa kiingilio mlangoni, kinachojulikana, anapita, anaona, anashukuru. Sijasikia mtu akigombana nao. Muuza mahamri wa mtaani kwetu hajapata kumtajia mtu bei mbili, na kabla ya saa tatu asubuhi karai lake ni tupu.

Kwa hiyo nina maombi yangu, na si makubwa. Kwanza, vikundi vya tuktuk na bodaboda vya Diani, Watamu, Malindi na Shanzu viweke ubao kwenye kila kituo: kutoka hapa hadi pale, mchana kiasi hiki, usiku kiasi hiki. Pili, wenye mashua waandike bei kwa mafungu: ada ya hifadhi mbali, mashua mbali, chakula mbali, na saa za maji chini yake. Tatu, kamisheni isemwe. Kama mpambe anachukua 500, iwe ni 500 kwa wote, si kadiri ya rangi ya mgeni au lafudhi yake. Nne, serikali za kaunti zinazokusanya ada za leseni kwa wachuuzi hawa ziwalipie rangi na mbao. Ni kazi ya siku chache za kusi. Na hoteli ziache kumtisha mgeni kwamba nje ya lango kuna hatari tupu. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaihesabu ardhi yote iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa mali ya umma. Ufuo ule si ua wa hoteli. Ni wetu, na kwa kuwa ni wetu, sifa yake mbaya ni yetu pia.

Nanyi mlio na jamaa bara wanaokuja kupumzika, waelezeni mapema. Waje na kitambulisho kwa ajili ya bei ya wakazi. Waulize kama bei ya chumba ina kodi ndani yake, na ikiwa ni kwa dola, kwa kiwango gani. Wabebe noti ndogo, maana mwenye noti ya 1,000 hulipa 1,000. Wanunue maji dukani. Ada ya hifadhi wailipe wenyewe kwenye simu. Wasipande chombo kabla ya bei kutajwa na kurudiwa mara mbili. Na wawaulize nyinyi kabla ya kumuuliza mtu wa langoni.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Desemba ile mgeni alikuja, na alikuwa na dawa mfukoni. Nahodha wetu alipona kwa 350. Mama wa hina hakupata chochote. Shilingi 11,400 zilirudi Nairobi kwa treni ya alasiri, na hakuna aliyeziiba wala aliyezipata. Wiki iliyopita shemeji alinipigia simu kuuliza habari za Desemba ijayo. Hakuuliza kama bei zimeshuka. Aliuliza kama siku hizi zimeandikwa.